Kidole Kilichonyooshewa Kaburi

Mambo yaliharibika Jumatatu ya Pentekoste, tarehe tisa Juni, jua halijafika utosini, pale Rabenja alipopanda kilima na kumkuta mwanamume mwenye kofia nyeupe amekaa juu ya paa la kaburi la ukoo wake, anatafuna paja la kuku.

Hakuwa ameegemea. Alikuwa amekaa. Makalio yake mapana, ndani ya kaptura ya michezo, yalitua juu ya jiwe ambalo chini yake, kwenye kitanda cha jiwe cha pili upande wa kaskazini, alilala Ravololona, mke wa Rabenja, huu mwaka wa sita. Mke wa yule bwana alikuwa ametandika kitambaa cha maua papo hapo juu ya paa, amepanga wali, achari ya embe na chupa za soda, na sasa anambadilisha mtoto nepi. Nepi chafu ilikuwa imekwisha kurushwa. Rabenja aliitafuta kwa macho akaiona. Ilikuwa imetua mlangoni mwa kaburi, imefunuka, ya manjano, nzi wameshafika.

"Karibu mzee," yule bwana akasema, mdomo umejaa. "Nafasi ipo."

"Nani kawaambia mkae hapa?"

"Bango." Akaelekeza kwa lile paja la kuku. "Si bango lenu hilo?"

Rabenja akageuka. Njia panda, pale barabara mpya inapoishia, lilisimama bango la wilaya, refu kumpita mtu, limechongwa mfano wa mkono. Mkono mweupe, kucha nyekundu, kidole kimoja kimenyooka kama mkuki. Kilikuwa kimelinyookea kaburi, katikati kabisa ya paa.

Na bango hilo alilichimbia yeye mwenyewe, siku ya Ijumaa.

Katika nchi yao hakuna anayelinyooshea kaburi kidole. Hata mtoto ambaye hajajua kufunga kaptura anajua hilo. Ukitaka kumwonyesha mtu kaburi, unakunja kidole unaelekeza kwa kifundo, au unatumia kidevu, au unanyamaza. Ukikosea, kidole kitaoza, na aliyelala mle atajua kwamba amedharauliwa na watu wake. Rabenja alikuwa na miaka sitini na minne na hakuwahi kukosea, si kwa ulevi, si kwa hasira. Akaja kukosea kwa sururu na koleo, kwa kazi ya kutwa.

Ijumaa ile meya alimkuta shambani akamwambia, "Mzee Rabenja, wewe ndiye unakijua kilima hiki. Tuchimbie bango letu njia panda. Mkono uelekee maporomoko ya maji, basi." Rabenja aliishia darasa la tatu, maandishi ya kwenye bango kwake yalikuwa michoro tu. Tena jioni ilikuwa ya ukungu, ule ukungu mzito wa Juni unaolala juu ya vilima mpaka mtu haoni jembe lake. Hakuona maporomoko. Aliyasikia. Akauelekeza mkono kule sauti ya maji inakotoka, akakanyaga udongo kwa kisigino, akaenda zake nyumbani kuota moto. Kaburi lilikuwa katikati, kati ya njia panda na maji, ndani ya ukungu. Hakulikumbuka. Mtu hakumbuki pua yake anapotazama mbali.

Jumatatu ya Pentekoste, Antananarivo yote inatoka nje. Ni desturi, wala Rabenja hakuwa na kinyongo nayo. Yeye na Ravololona nao walikuwa wakitoka siku hiyo, na wali kwenye kikapu na kipande cha koba, ile keki ya karanga inayofungwa kwenye jani la mgomba, wakakaa mtoni na kutazama watu. Lakini zamani wageni walikuwa wachache, maana kufika Ambohimitraka, kijijini kwao, ilikuwa taabu. Sasa kulikuwa na lami. Lami ambayo haikuwapo Ravololona alipotapika damu, wakampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, ng'ombe wakakwama kwenye tope mara tatu, na mara ya tatu hapakuwa na haja ya kuwakwamua. Wakubwa walisema pesa hakuna. Miaka miwili baadaye pesa ikaonekana, ili watu waje kula kuku.

Akazunguka nyuma ya kaburi. Hakufika mbali. Chini ya ukuta wa mashariki, upande wa wazee, ule wa kusalia, palikuwa pamejaa. Vinyesi vibichi, vinyesi vya jana, karatasi zilizolowa na kunata kwenye majani, pedi ya mwanamke, mkojo uliochora mistari juu ya mawe mpaka chini. Mama mmoja alikuwa amechuchumaa palepale, sketi kiunoni, akamtazama Rabenja bila aibu yoyote.

"Geuka basi, mzee! Hujaona mtu?"

"Choo kiko kule chini, mama!"

"Kina kufuli! Kamwambie meya wako afungue, usinisimamie hapa."

Na kweli kilikuwa na kufuli. Choo kizuri, cha matofali, milango miwili ya buluu, kilichokatiwa utepe mbele ya watu waliokuja na magari meusi. Tangu utepe ule ukatwe, ufunguo ulikuwa mfukoni mwa meya.

Rabenja alikuwa bado ameinama, anaisukuma nepi kwa fimbo, aliposikia sauti anayoijua.

"Shemeji."

Alikuwa Ratovo, kaka wa marehemu mke wake, amevaa kofia yake ya majani ya Jumapili, kifurushi kwapani. Kila Pentekoste alikuja na familia yake, wakala pamoja, na mwaka huu alikuwa na jambo zaidi. Mnajimu alikuwa ameshapanga siku: Alhamisi ya mwisho ya Julai, kaburi lingefunguliwa, Ravololona angetolewa, angebebwa na watu wake, angevikwa sanda mpya na kurudishwa ndani kwa ngoma na wali wa mafuta. Kumgeuza, ndivyo wanavyosema. Ndani ya kile kifurushi mlikuwa na sanda ya hariri, aliyoifuma mke wa Ratovo kwa miezi minne.

Ratovo alitazama kofia nyeupe juu ya paa. Akatazama nepi kwenye ncha ya fimbo. Halafu akatazama bango, kwa muda mrefu.

"Huo mkono kachomeka nani?"

Rabenja angeweza kusema ni meya. Usingekuwa uongo mtupu.

"Mimi," akasema. "Kulikuwa na ukungu."

"Ukungu."

"Sikuliona kaburi, Ratovo."

"Dada yangu tuliwaachia ninyi," Ratovo akasema polepole. "Baba alitaka arudi kwetu, alale na watu wake. Wewe ulipiga magoti uani kwetu ukalia kama mtoto. Ukasema, mwacheni, nami nitalala ubavuni kwake. Tukasema haya, kwao kuna heshima. Heshima yenyewe ndiyo hii? Mnamnyea?"

"Si sisi. Ni hawa wakubwa, wamefunga choo, wame..."

"Wakubwa hawakushika sururu, shemeji." Akakirudisha kifurushi kwapani. "Sikiliza. Siku ya kumgeuza nitakuja. Kama kidole kile kipo, kama hapa bado pananuka hivi, dada yangu nikishamvika simrudishi humu. Namweka begani, naenda naye kwa baba yake. Na wewe utalala peke yako."

Aliondoka na watoto wake bila hata kufungua chungu cha wali. Juu ya paa, yule bwana mwenye kofia alirusha mfupa. Ulipita sikioni mwa Rabenja.

*

Alisafisha. Siku iliyofuata alichimba shimo, akazoa uchafu kwa koleo, akitapika mara mbili kwenye nyasi. Akamwaga majivu na chokaa, akasugua mawe kwa brashi ya nguo na ndimu. Kufika Ijumaa kaburi lilikuwa linang'aa. Jumapili wakaja wengine. Hawa walikuwa wamekodi farasi kule ziwani, wakawafunga kwenye jiwe la kona, kwa hiyo safari hii kulikuwa na ya watu na ya farasi.

Jumatano akaenda ofisi ya wilaya, kofia mkononi. Ukutani kulikuwa na karatasi kubwa za rangi: watu ndani ya mitumbwi, watu wamepanda farasi, watu wanaoga kwenye chemchemi ya moto, meno nje. Meya alikuwa mtu mwembamba, mwenye mafuta mengi kwenye nywele, anayenukia kama kinyozi.

"Mzee wetu! Kaa, kaa. Unaonaje wageni?"

"Nawaona matakoni, Bwana Meya. Wanakunya kaburini kwa mke wangu."

"Mzee, lugha."

"Kinyesi ni kinyesi. Fungua choo."

"Choo kipo."

"Kimefungwa."

"Kimefungwa ili kibaki safi," meya akasema, kama anayemfundisha mtoto. "Mwezi wa nane wanakuja waliotujengea. Wakikikuta kimechafuka watasema nini? Watasema hatujui kutunza."

Rabenja alimtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania. Mtu huyu alikuwa na choo ili kitazamwe.

"Basi ng'oa bango. Wewe ni mtoto wa hapahapa, Bwana Meya. Kidole kile kinanyooshea kaburi. Babu yako angekuona!"

Meya akasogeza karatasi zake. Kwa nukta moja alionekana kuona aibu, nukta moja tu. "Bango limeshapigwa picha, limeshachapishwa kwenye vitabu vya wageni. Na aliyelichimbia ni nani? Nikuulize wewe, mzee. Ni nani?"

Karani aliyekuwa dirishani akacheka puani.

Rabenja alirudi nyumbani, akala wali mkavu, akanywa maji yaliyochemshwa na ukoko wa chungu, akakaa. Chumba kilikuwa na mikeka miwili, mmoja umekunjwa tangu mwaka ule. Akawaza jinsi itakavyokuwa kulala ndani ya jiwe na babu zake na shangazi zake wote, na pale pembeni, mahali pake Ravololona, pawe wazi. Mke wake alikuwa na miguu ya baridi. Miaka thelathini na moja aliipachika kati ya mapaja ya Rabenja, na kila usiku Rabenja alilalamika, na sasa angetoa chochote alichonacho ili alalamike tena.

Kesho yake, mchana kweupe, watu wakimwona, alichukua msumeno na patasi akaenda njia panda. Hakuling'oa bango. Alikikata kile kidole kwenye kifundo cha pili, akakigeuza, akakipigilia misumari upya kikiwa kimekunjika kuingia kiganjani, kama inavyotakiwa. Kazi ilimchukua asubuhi nzima. Mama Lalao, muuza maandazi ya mchele pale njia panda, aliacha kikaango chake akaja kutazama.

"Sasa umekuwa mkono wa mtu mwenye adabu," akasema. "Ila watakufunga, baba."

"Wanifunge. Mle ndani angalau kuna choo."

Mama Lalao akacheka mpaka akakaa chini.

Hawakumfunga. Siku ya tatu walikuja askari wawili wa wilaya, wakamchukua mpaka ofisini, na Rabenja alikwenda akiwa amejiandaa kwa matusi. Meya akampokea kwa mikono miwili. Alikuwa na picha ya bango kwenye simu yake.

"Mzee, wewe fundi! Wageni wanaupenda mkono huu kuliko ule wa kwanza. Wanauliza, kwa nini kidole kimekunjwa? Kiongozi wao wa safari anawaeleza habari za makaburi, wanasisimka. Wanapanga foleni kupigwa nao picha!"

Rabenja akaitazama ile picha. Alikuwa amefunika aibu, wakaifanya urembo.

"Nilikuwa nije kuomba kibali," akasema, maana kaburi halifunguliwi bila muhuri wa wilaya, na siku zilikuwa zinakwisha. "Alhamisi ya mwisho ya Julai. Namgeuza mke wangu."

"Kibali? Leo leo! Tena choo nitakufungulia wiki hiyo nzima. Nani aseme meya hana utu?" Karatasi ilikuwa tayari mezani, kana kwamba ilikuwa inamngoja. Ikapigwa muhuri, pa! Meya akaonyesha mahali pa kuweka sahihi, na Rabenja akaandika jina lake, herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa darasa la pili. Akatoka akiikumbatia karatasi ile kifuani kama mtoto mchanga. Njiani alijishangaa: alikuwa anapiga mluzi.

*

Binti yake, Fanja, anashona nguo kwenye kiwanda kimoja mjini. Alifika Jumanne ya wiki ya kumgeuza, amebeba mchele, amebeba nyama ya nguruwe, akamkumbatia baba yake, akaomba kuona kibali. Akakisoma akiwa amesimama. Akakisoma tena akiwa amekaa.

"Baba. Ulisomewa hii?"

"Ni kibali. Kina muhuri."

"Kina muhuri." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Hapa chini kimeandikwa hivi: 'Mwenye kaburi anakubali shughuli hii iwe wazi kwa wageni wa wilaya wenye tiketi.' Halafu kuna orodha. 'Kuendesha farasi. Mitumbwi. Kupanda mlima. Kugeuza wafu.'"

Rabenja akaichukua karatasi. Akaitazama kwa muda, juu chini, kama ambaye angeweza kuisoma kwa kuikodolea macho. Kisha akaenda nje, akainama nyuma ya zizi, akatema, akatema tena.

"Tuahirishe," Fanja akasema mlangoni.

"Siku imepangwa. Tukiikosa, mnajimu kasema mwakani si mwaka wake. Na mjomba wako hatangoja."

Jumatano alasiri ndiyo saa ya kumwita marehemu, ili roho yake irudi kwenye mifupa yake na kesho ikute sanda. Kwa kawaida ni watu wachache: wenye kaburi, ndugu, chupa ya rumu ya miwa, asali kidogo. Rabenja alikuwa hapo tangu alfajiri. Choo kilikuwa kimefunguliwa kweli, kwa wiki ile, lakini yaliyokwisha kuingia kwenye mawe yalikuwa yameingia. Alisugua kwa ndimu, alichoma majani ya mkaratusi, alipaka chokaa kuta zote nne. Upepo ukivuma kutoka mtoni, hapakuwa na harufu. Upepo ukitulia, ilitoka taratibu chini ya chokaa, kali, ya uvuguvugu, harufu ya ukuta wa stendi.

Ratovo alifika na sanda kwapani. Alitazama kidole kilichokunjwa, akaitikia kwa kichwa mara moja, kama anayekubali hesabu ya kwanza. Akazunguka kaburi lote. Aliposimama upande wa mashariki, upepo ulikuwa umetulia. Rabenja alimwona akivuta hewa.

"Umesafisha," Ratovo akasema.

"Kila siku, shemeji. Wiki saba."

"Nimeona mikono yako." Ngozi ya vidole vya Rabenja ilikuwa imebanduka kwa chokaa. Ratovo akageuza uso. "Na wale je?"

Wageni walikuwa wanapanda kilima. Kama arobaini, na utepe wa rangi ya chungwa mkononi, kila mmoja, kama ng'ombe wa mnada. Mbele yao alitangulia kiongozi mwenye kipaza sauti. Wakajipanga nusu duara. Mmoja alikuwa anakula mhogo wa kukaanga. Meya alisimama nyuma kabisa, amevaa kofia ya majani kama mwananchi.

"Sasa," kiongozi akatangaza, "mzee atapanda juu ya kaburi kumwita mke wake. Tafadhali msizungumze."

"Akiitwa anajibu?" mwanamke mmoja akauliza. Wenzake wakacheka chinichini.

Fanja alitaka kuwafuata. Ratovo akamshika mkono. Halafu akamgeukia Rabenja, na kwa mara ya kwanza tangu Pentekoste sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa ya kuchoka tu.

"Mimi na wewe hatuwezi kuamua hili, shemeji. Mimi nanusa, wewe unasugua, tutagombana mpaka kesho. Yeye ndiye anayelala humu. Panda. Muulize yeye. Mbele yangu."

Rabenja akavua viatu. Paa lilikuwa la baridi chini ya nyayo zake, na pale alipokanyaga palibaki doa la mafuta ya kuku ambalo chokaa haikulifunika. Akamwaga rumu kidogo kwenye kona, akaweka asali. Simu arobaini zikainuka. Upepo wa mtoni ukatulia, na harufu ile ikapanda, ikamzunguka magoti, na alijua Ratovo naye anaisikia.

Akavuta pumzi kwa mdomo.

"Ravololona," akaita. "Mama Fanja. Ni mimi. Bado uko humu, au wamekwisha kukufukuza?"